Kucha za Fundi wa Kinubi

Watu waliomwona mara moja tu walikumbuka kucha zake. Zilipita ncha za vidole kwa upana wa punje ya mahindi, ngumu, zenye rangi ya pembe ya ng'ombe, na kila moja alikuwa ameichonga kwa umbo lake. Mwili uliobaki hakuujali. Shati lilikosa vifungo, kiatu cha kushoto alikifunga kwa kipande cha waya. Mtu akiona kucha zile na shati lile alifikiri huyu ni mchafu, au akili zimemruka. Mimi pia. Siku ya kwanza nilipomwona ng'ambo ya uzio, huku Ingleburn, Australia, tulikohamia kutoka Cabramatta, nilimwambia mke wangu kwamba yule mzee wa kizungu hana hata mtu mmoja wa kumwambia akate kucha.

Nilimwita Fundi. Familia yake siijui, na mahali alipozaliwa sikuuliza. Neno hilo nilimfundisha mwenyewe, wiki ile ile ya kwanza, aliponiomba nimsaidie kushusha gogo kutoka kwenye trela. Aliuliza kwetu mtu wa kazi kama yake anaitwaje, nikamwambia, akaliandika kwa chaki kwenye mlango wa gereji yake. Mimi aliniita Jirani. Tulizungumza Kiingereza, changu kibovu na chake cha kunung'unika, lakini ninamkumbuka kwa Kiswahili. Kiswahili changu cha kuandika nilikipata kambini Kigoma, baada ya kutoka Uvira. Nilifika darasa la sita, shule ikaishia hapo.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza vinubi vya nyuzi za waya, vile walivyopiga watu wa Skotilandi na Ayalandi zamani sana. Neno kinubi mimi nililijua kanisani tu, nikadhani ni chombo cheupe na chepesi cha malaika. Cha Fundi kilikuwa kizito kama mtoto wa miaka mitano. Sanduku lake linachimbwa katika gogo moja, kwa upande wa nyuma, kama mtu anachimba mtumbwi, mpaka uso wa mbele ubaki mwembamba kuliko kidole. Halafu kuna shingo na nguzo. Vitu hivyo vitatu havipigwi gundi wala msumari. Nyuzi zikikazwa ndizo zinazovibana pamoja. Nyuzi ni thelathini, za shaba ya njano, na hazipigwi kwa nyama ya kidole. Zinapigwa kwa kucha.

Mara ya kwanza aliponipigia uzi mmoja, nilisubiri unyamaze ili niseme kitu. Haukunyamaza. Nilisimama pale na mdomo wazi mpaka akacheka.

"Kupiga ni rahisi," akasema. "Paka anaweza kupiga. Kazi ni kuzima."

Akanionyesha jinsi kidole kinavyorudi kuugusa uzi wa kwanza wakati wa pili unalia. Usipofanya hivyo sauti zote zinabaki hewani na kugombana, kama watu kwenye kituo cha basi wanaoongea wote kwa pamoja na simu zao. Hilo la kuzima alilisema kila wiki kwa miaka sita.

Alikuwa mtu wa hasira, nisimpambe. Hasira yake kubwa ilikuwa juu ya mti. Sanduku la kinubi kile linataka mwerebi, mti wa kando ya maji wenye matawi yanayoning'inia kama nywele. Hapa Australia mwerebi ni gugu. Umeletwa na wageni, unaziba vijito, na watu wa halmashauri wanaukata na kuutia sumu. Fundi aliwatukana asubuhi, na mchana akawapigia simu kwa sauti ya upole kuuliza wiki ijayo wanakata wapi. Alipata magogo bure, na bado alirudi amenuna kwa sababu wamekata mafupi mno.

"Wanaua mti mzuri," alisema.

"Na wewe unauchimba tumbo," nikamwambia.

"Mimi ninaupa kazi, Jirani. Shika huko."

Gogo likishachimbwa linakaushwa miezi mingi, polepole, ncha zake zimepakwa nta. Ukiharakisha, linapasuka. Usipoharakisha, nalo linaweza kupasuka. Nilikuwepo matatu yalipopasuka. La kwanza lilipasuka likiwa limebakiza siku chache, kwa sauti ndogo kama mtu anavunja kidole. Fundi hakupiga kelele. Aliweka patasi chini, akaenda kuchemsha chai, akarudi na kikombe kimoja tu, chake. Tangu siku hiyo nilijua kwamba hasira yake ya kweli haina maneno.

Hakuwa mtu wa kueleweka kirahisi. Alisema walimu wake ni vile vinubi vichache vya zamani vilivyobaki katika makumbusho ya ng'ambo, lakini hakuwahi kwenda kuviona. Alikuwa na picha zao kwenye kompyuta, zilizopigwa kwa mashine kama ya hospitali, zinazoonyesha hadi tundu za wadudu ndani ya mbao. Alizipima kwa nusu milimita. Alisema kazi ifanywe kama walivyofanya wazee wale, kisha akawasha msumeno wa umeme.

"Fundi," nikamwambia siku moja, "hao wazee walikuwa na umeme?"

"Wangekuwa nao wangeutumia. Usinichokoze."

Wateja alikuwa nao wachache na wengine aliwafukuza. Mwanamke mmoja alikuja na gari zuri, akataka kinubi cha kuweka kwenye ukumbi wa harusi. Fundi akamuuliza kama atakipiga. Akasema hapana, ni cha mapambo. "Basi nunua maua, mama," akamwambia, akaendelea kupiga msasa. Nilimwonea huruma yule mwanamke. Nilimwonea huruma na Fundi, maana mwezi huo alikuwa anakula mkate na maharage ya kopo.

Tulipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, mimi niliendelea kwenda kazini ghalani, kwa kuwa chakula lazima kipakiwe. Fundi alibaki kwenye gereji na sanduku la nne, lile ambalo halikupasuka. Tuliongea juu ya uzio, kila mtu na barakoa yake. Alikuwa ameunganisha shingo na nguzo, ametia vigingi vya shaba, ametia nyuzi kumi na sita. Waya wa nyuzi zilizobaki ulikuwa umeagizwa ng'ambo, na kifurushi kilikuwa kimekwama. Kila siku aliangalia kwenye simu kiko wapi, na kila siku simu ilimwambia kiko njiani. "Njia gani hiyo?" aliuliza. Niliona anahema akipanda ngazi tatu za mlango. Nikamwambia aende kwa daktari. Akasema daktari ni wa simu siku hizi, na simu haina mikono.

Alianguka gerejini, akavunjika nyonga. Nilimkuta mimi, niliporudi kazini. Hospitali walimfanyia upasuaji, wakaona na moyo wake ni mgonjwa, wakampeleka nyumba ya wazee isiyo mbali na kwetu, ndani ya zile kilomita tano tulizoruhusiwa kutembea. Kwenye fomu, mahali pa mtu wa kupigiwa simu, aliandika jina langu. Hakuwa na lingine la kuandika.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Wiki ya pili watu wa nyumba ya wazee walinipigia simu. Nilikuwa nimetoka zamu ya alfajiri na nimelala. Mwanamke akasema mzee bado amechanganyikiwa kidogo kwa dawa, na kucha zake ni ndefu sana, anaweza kujikwaruza. Je, wana ruhusa kuzikata? Nikasema ndiyo. Nikasema tafadhali wazikate vizuri.

Ningeweza kusema ni usingizi. Haukuwa usingizi. Nilijua kucha zile ni za nini kuliko mtu yeyote katika mji huu. Lakini nilipomsikia yule mwanamke nilisikia anachofikiri: huyu mzee hana watu. Kwetu mzee mwenye kucha ndefu ni aibu ya wanaomtunza, na kwenye fomu jina lilikuwa langu. Nilitaka jina langu liwe safi. Ndivyo ilivyokuwa.

Akili zilipomrudia alinipigia.

"Wamenikata," akasema, kama mtu anayesema juu ya vidole vyenyewe. "Nani amewaruhusu?"

"Sijui, Fundi," nikasema.

Hilo ni kosa la pili.

 Kisha akasema ukucha wa kupiga waya unahitaji miezi sita hadi uwe na nguvu, na daktari alipoongea naye juu ya moyo hakutaja miezi sita. Kinubi kile kilikuwa bado hakijatoa sauti yake. Kinubi ambacho fundi wake hajakisikia, alisema, ni fanicha.

"Wewe una umri gani, Jirani?"

"Arobaini na nne."

"Damu inatembea bado. Za kwako zitakua upesi. Fuga mkono wa kushoto. Na waya ukifika, utatia wewe."

Nikasema nitafuga. Ningesema ndiyo kwa chochote.

Kufuga kucha ukiwa mpakiaji wa ghalani ni mateso. Kazi yangu ni kuinua katoni, kukata utepe, kupanga kwenye paleti ya mbao, kuzungushia nailoni. Ukucha wa kidole cha shahada ulikatika mara tatu, mara zote kwenye utepe. Nikanunua glavu kubwa zaidi. Otieno, Mkenya tunayefanya naye kazi, aliona kila kitu.

"Buda, hizo kucha ni za nini? Unataka kuwa mganga?"

"Ni za muziki."

"Muziki gani? Hapa tuna beep ya foklifti tu." Akawaita wengine waje waone. "Huyu jamaa akikukuna mgongo utaenda emergency."

Mke wangu hakucheka. Ibada zilikuwa za mtandaoni wakati huo, familia nzima mbele ya kompyuta, na mimi ninapoomba ninainua mikono.

"Baba Neema, batu ba kanisa batasema nini? Shusha ile mukono."

"Ninaomba, Mama Neema."

"Omba na ya kuume."

Binti yetu Neema akaweka mkono mdomoni, akasema jambo kwa Kiingereza ambalo sikulipata, na sikuuliza.

Mke wangu hakujua habari ya ile simu. Hakuna aliyejua. Nilikuwa ninafuga kucha kama mtu mwema anayemsaidia jirani, na kila aliyenisifu kwa hilo alinichoma.

Waya ulifika baada ya wiki nyingi, kifurushi kimebonyea lakini wenyewe uko mzima. Nilianza kutia nyuzi jioni baada ya kazi, simu imewekwa kwenye meza ya randa ili Fundi aone. Kila uzi unafungwa kwenye kijiti kidogo, kijiti kinaingia ndani ya sanduku kwa tundu, waya unatoka mbele na kupanda hadi kwenye kigingi. Ukivuta haraka waya unakatika na kukuruka usoni. Nilikata nne. Kila ukikatika nilimsikia akivuta pumzi upande wa pili, hasemi kitu, na nilijua kimya kile.

Katikati kuna nyuzi mbili zenye sauti moja kabisa. Zinaitwa dada. Hao ndio wanaopatanishwa kwanza, na nyuzi nyingine zote zinapimwa kutoka kwao. Kinubi kipya hakikazwi siku moja. Unapandisha kidogo leo, mbao inalegea, kesho zote zimeshuka, unaanza tena kwa dada. Wiki tano nilifanya hivyo. Kila jioni ninaacha kimelingana, kila jioni ninakikuta kimeharibika. Nilikichukia. Ninasema kweli, kuna jioni niliketi kwenye kigoda chake na ufunguo wa vigingi mkononi, nikakitukana kwa Kifuliiru, lugha ya mama yangu, kwa sababu hakuna aliyekuwepo wa kuona haya.

"Kimeshuka tena," nilimwambia kwenye simu.

"Vizuri," akasema. "Kinajifunza."

"Kinajifunza nini? Mimi ndiye ninayechoka."

"Kuchoka nako ni kujifunza. Anza na dada."

Na kwenye simu hakuweza kukisikia. Hilo lilitutia wazimu sote wawili. Nikipiga uzi, simu ilichukua ule mgoto wa kwanza wa ukucha, kisha ikakata mlio wote uliobaki, ikidhani ni kelele za nyuma. Alisikia tik. Uzi mwingine, tik. Kitu alichokingoja mwaka mzima, ule mlio usiokwisha, ndicho simu ilichotupa. Nilijaribu simu ya Neema, nilijaribu kompyuta. Tik.

Nikaomba nyumba ya wazee ruhusa ya kwenda dirishani. Kuingia ilikuwa marufuku, lakini waliruhusu watu kusimama nje ya kioo kwa dakika ishirini na tano. Nilipewa siku ya Jumanne. Nieleze mapema kwamba hapakuwa na siku nyingine. Asubuhi ya Jumatano mgonjwa wa korona alipatikana ndani, madirisha yakafungwa kwa kila mtu, na Fundi alikufa siku ya kumi na mbili baada ya hapo, kwa moyo, si kwa korona, kama vile tofauti hiyo ilimsaidia mtu. Kinubi kiko sebuleni kwangu. Ninakipatanisha kila Jumapili.

Siku hiyo ya Jumanne nilikifunga kwa blanketi, nikakibeba mgongoni kama mama anavyobeba. Nilikiweka juu ya ukuta mfupi wa bustani, chini ya dirisha lake. Muuguzi wake alikuwa Mkenya, tulimwita Sista. Alimsogeza kwenye kiti cha magurudumu hadi kwenye kioo. Fundi alikuwa amekonda. Shati lilikuwa na vifungo vyote, na hilo lilinisumbua kuliko kukonda. Mikono aliiweka mapajani, vidole vimekunjwa ndani.

Sista aliangalia kinubi, akaangalia kioo, akaniambia kwa Kiswahili kupitia simu, "Na hapo atasikia nini, kaka?"

"Kitu kidogo."

Alifikiri. "Mimi naenda kumtafutia chai. Lile dirisha lina kizuizi, halifunguki zaidi ya upana wa mkono. Sijakwambia kitu, sawa?"

Alipoondoka, Fundi alinyoosha mkono, akalisukuma dirisha mwenyewe. Lilifunguka kiasi cha kiganja. Harufu ya dawa ikatoka. Nilivuta barakoa yangu vizuri.

"Piga," akasema.

"Kwanza nina neno, Fundi."

"Tuna dakika ngapi?"

"Ni mimi niliyewaambia wakate kucha. Walinipigia, nikasema ndiyo. Ulipouliza nikasema sijui. Nilijua."

Aliniangalia. Macho yake yalikuwa yamebaki yale yale.

"Ulikuwa umelala?"

Alinipa mlango, na ningeweza kupita. "Nilikuwa macho," nikasema. "Niliona aibu kwamba wataona hatukutunzi."

Alikunjua vidole, akavitazama, kimoja kimoja.  Ndege walikuwa wanapiga kelele kwenye mti wa maegesho. Kwa muda huo wote nilikishika kinubi kwa shingo, na kimya chake nilikijua, ni kile cha patasi kuwekwa chini. Nilingoja aombe kuondolewa dirishani.

"Dada," akasema.

Nikapiga dada.

"Mmoja yuko chini."

Nikamkaza kwa ufunguo, kidogo. Nikapiga tena. Safari hii zilitoka kama sauti moja nene, ikapita kwenye ule upenyo. Fundi alifumba macho.

"Sasa anza na wa chini kabisa. Mmoja mmoja. Usizime."

Katika miaka sita hakuwahi kuniambia nisizime. Nilipiga wa chini, ukalia na kulia, na alipoacha kuusikia aliinua kidole. Nikapiga wa pili.  Mara nyingine kidole chake kilichelewa sana, mimi nimeshaacha kusikia na yeye bado anasikiliza. Wa kumi na nne ulitetema vibaya. Akasema kijiti hakijakaa sawa, nikifika nyumbani nikigeuze. Tulifika wa kumi na nane. Thelathini ukitoa kumi na nane ni kumi na mbili, hizo hakuzisikia.

Sista alitokea mlangoni na kikombe, akaangalia saa yake.

"Lete mkono," Fundi akaniambia.

Kugusana kulikuwa marufuku. Niliupitisha kwenye upenyo. Akakishika kidole changu cha kati kwa vidole vyake vifupi, akapapasa ukingo wa ukucha kama alivyopapasa ubao, akakunja uso.

"Umeukata kwa mkasi."

"Ulikuwa umechanika, Fundi."

"Ukucha haukatwi kwa mkasi. Unasuguliwa kwa tupa, kwenda upande mmoja tu." Akauachia mkono wangu. "Kesho uje umeusugua. Tutaanza na wa kumi na tisa."

"Sawa, Fundi," nikasema, na Sista akaweka chai mahali palipo karibu naye, akalivuta dirisha.